Mama Kibano na Chupa Arobaini na Nane

Ndugu wafiwa, jamaa, majirani na nyote mliofika, haya mtakayosomewa yamepangwa kwa tarehe na mahali, kwa sababu marehemu mwenyewe alizoea kusema kwamba habari isiyo na tarehe ni umbea, na familia haikuona haki kumsindikiza kwa umbea.

Marehemu, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Mama Kibano, alizaliwa Alhamisi tarehe 2 Aprili 1953, saa moja asubuhi, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha sabuni, akiwa mtoto wa tatu kati ya watoto watano wa baba mshona viatu na mama aliyekuwa akifua mashuka ya hospitali. Alizaliwa mdogo mno, hata mkunga akawaambia wenye nyumba wasimpime siku ile, wampe kwanza wiki moja ashibe, na udogo huo hakuuacha, kwani hata alipokuwa mtu mzima kimo chake kilikuwa mita moja na nusu kamili, na ukikosea ukamwongezea sentimita moja alikurekebisha.

Alianza shule ya msingi Januari 1960, hatua mia nne na kumi kutoka mlangoni kwao, hesabu yake mwenyewe, akamaliza mwaka 1966, akajiunga na sekondari mwaka 1967 na kumaliza kidato cha nne Novemba 1970, akiwa wa kwanza katika hesabu na wa mwisho katika kuimba. Baada ya hapo alimsaidia mama yake kufua kwa miaka minne, mpaka Jumatatu tarehe 6 Januari 1975, alipoajiriwa kuosha chupa katika kituo cha utafiti wa bahari, jengo la ghorofa mbili lenye ngazi ya chuma upande wa nyuma, na chumba chake kilikuwa cha chini, chenye sinki mbili na dirisha lililotazama ukuta.

Inafaa kueleza kazi ya kituo kile kwa wasioijua. Meli ilikwenda mbali, ambako nchi kavu haionekani, ikashusha wavu wenye matundu madogo kama ya chujio la chai, na wavu ukifika kina kilichotakiwa ulivutwa taratibu, kisha ukafungwa huko huko chini kwa kipande cha chuma kilichoteleza kwenye kamba, ili ukipanda ulete viumbe wa kina kile na si wa njiani. Viumbe hao, wengi wao wadogo kuliko punje ya mtama, wengine wa jicho moja, wengine wasio na jicho kabisa, walitiwa katika chupa za mdomo mpana zenye spiriti, na kwa siku zile kina, tarehe na saa viliandikwa kwa rangi nyeupe juu ya kifuniko, basi, hakuna pengine.

Aliyeandika vifuniko hivyo alikuwa fundi winchi wa meli, mwenye ile mashine ya kushusha na kuvuta wavu, kijana mrefu asiye na maneno mengi, na marehemu aliujua mwandiko wake kabla ya kuujua uso wake, maana ndiye aliyevisugua ili vitumike tena, na rangi ile haikutoka. Walipokutana ana kwa ana kwenye ngazi ya chuma, Agosti 1976, marehemu alimuuliza kama ni yeye anayeandika kana kwamba anawaandikia vipofu wapapase, na kijana akamjibu, "Nikiandika kwa kuparuza utasema sisi wa majini hatukusoma. Na wewe ndiye unayelalamika huko chini mpaka sauti inapanda na bomba?" Walifunga ndoa Jumamosi tarehe 17 Desemba 1977, bwana harusi akainama sana kwenye picha, bibi harusi akasimama juu ya kreti la chupa, na picha hiyo ipo ukutani sebuleni, kreti linaonekana.

Mungu aliwajalia watoto watatu, binti wa kwanza, ambaye ni mwalimu, aliyezaliwa tarehe 5 Septemba 1978, mwana wa kiume, fundi umeme, tarehe 21 Juni 1982, na kitinda mimba, muuguzi, tarehe 30 Januari 1986, na wajukuu wamefika sita.

Agosti 1979 marehemu alitolewa kwenye sinki akapandishwa ghorofani kwa majaribio, ajifunze kuchambua, kazi ambayo inafanana sana na kuchambua mchele, isipokuwa sinia ni sahani ya kioo iliyo chini ya hadubini, mchele ni viumbe elfu kadhaa, na mkono ni kibano chembamba cha chuma. Aliyeongoza chumba kile alikuwa mtaalamu mkuu, ambaye wote walimwita Profesa, mtu wa haki lakini mkavu kama karatasi, na alimwambia marehemu siku ya kwanza kwamba majaribio ni miezi sita na kwamba sinki bado lipo.

Jambo linalofuata marehemu aliagiza lisomwe, na lisilainishwe. Jumanne tarehe 9 Oktoba 1979 alipewa kazi ya kuongeza spiriti katika chupa arobaini na nane za safari moja ya meli, kwa kuwa spiriti hupungua hata ukifunga chupa vipi, na utaratibu ulikuwa kufungua chupa moja, kuijaza, kuifunga, ndipo ushike nyingine. Yeye, akitaka aonekane mwepesi, alifungua zote kwa pamoja, akapanga vifuniko mezani safu kwa safu kufuata chupa, na alipokuwa amejaza ishirini na tatu akaitwa kwenye simu, binti yake wa mwaka mmoja na mwezi mmoja ana homa kali na jirani anayemlea hajui afanyeje. Alikimbia, mtoto akapata dawa, naye akarudi baada ya saa tatu na kukuta mama wa usafi ameifuta meza mpaka inang'aa, na vifuniko vyote arobaini na nane amevipanga katika mnara mmoja, kwa nia njema kabisa.

Marehemu alivirudisha kwa kukisia, na hakusema. Alikuwa amebakiza miezi minne ya majaribio, na woga ulimwambia kwamba anakumbuka kila kimoja kilipokuwa.

Mwaka uliofuata Profesa alizifanyia hesabu chupa zile na kukuta jambo lililomshangaza kila mtu, kwamba uduvi fulani mdogo, urefu wake pingili moja ya kidole gumba, ambaye watu walidhani hujificha vilindini mchana, anaonekana mchana kweupe katika mita hamsini tu, juu kabisa, palipo na mwanga na maadui. Aliandika makala, makala ikasomwa nchi kadhaa, akaalikwa kuieleza mara nne, na marehemu, aliyekuwa amekwisha kuthibitishwa kazini tarehe 1 Februari 1980, akapongezwa kwa uchambuaji safi. Kwa miaka kumi na mmoja safari nyingine hazikumpata tena uduvi huyo juu mchana, na Profesa alisema labda mwaka ule ulikuwa wa pekee.

Machi 1991 kituo kilianza kuchunguza chakula cha viumbe hao, na marehemu, ambaye kwa wakati huo hakuna aliyemfikia kwa wepesi wa mkono, akapewa kufungua matumbo. Tumbo la uduvi yule ni dogo kuliko kichwa cha pini, hufunguliwa kwa sindano mbili chini ya hadubini huku umezuia pumzi, na ndani yake, akimchukua mmoja wa chupa iliyoandikwa mita hamsini, mchana, hakukuta ule ujani wa vimea vya juu aliotarajia, alikuta kipande cha mguu wenye miba kama kitana, mguu wa mdudu ambaye hajawahi kunaswa juu ya mita mia tano. Akafungua wa pili, akafungua mpaka wa kumi na mbili, na wote walikuwa wamekula mezani pa huyo wa chini. Hakuna anayekula mezani pa mtu ambaye hajawahi kufika kwake. Marehemu alisema alikaa akitazama ule mguu mdogo, akaona meza inayong'aa na mnara wa vifuniko.

Jumapili tarehe 17 Machi, mchana, wakianika nguo, alimweleza mumewe, ambaye katika safari ile alisimama kwenye winchi siku ishirini na sita. Mume alibana shati la mwisho kwenye kamba ndipo akauliza, "Zote?"

"Sijui ngapi. Ndiyo ubaya wake."

"Basi nilishusha wavu bure."

"Hukushusha bure. Wamo humo humo chupani, na kila mmoja tumboni anajua alikotoka. Mimi ndiye niliyewanyang'anya anwani."

Mume aliingia ndani, akakaa humo kwa muda, akatoka na daftari lake la winchi la mwaka 1979, lenye madoa ya grisi, ambamo kwa kila wavu uliopanda alikuwa ameandika rangi na kiasi, nusu chupa nyekundu, robo na maji maji, vidole vitatu kijivu, mambo ambayo hakuna aliyemtuma ayaandike. Marehemu alilisoma akashangaa, maana katika spiriti kila kiumbe huwa mweupe kama mshumaa, na hajawahi kuona mwekundu hata mmoja, akamwambia mumewe kwamba labda aliandika jua likimpiga machoni. Mume akasema, "Wewe niamini tu, mama. Nilikuwepo."

Kesho yake, Jumatatu, saa mbili asubuhi, alisimama mbele ya Profesa na chupa mbili mikononi na kumweleza yote bila kukaa. Profesa alimuuliza kama anafahamu kwamba watu wamekuwa wakiisoma makala ile miaka kumi na mmoja, akajibu anafahamu. Akaulizwa nani aliyevihamisha vifuniko, akajibu, "Meza ilikuwa chafu, Profesa. Ilistahili kufutwa." Profesa akauliza nani mwingine anayejua habari hii, na marehemu akasema, "Mume wangu. Na uduvi."

Siku ya nne alipewa uamuzi. Chupa zimwagwe na safari ile ihesabiwe haikufanyika, au yeye azirudishie kila moja kina chake, kwa ushahidi, wa chupa zote arobaini na nane, naye kwa muda wote huo atarudi kwenye sinki na kuchambua baada ya saa tisa alasiri, kazi ikiisha. Alichagua sinki. Wenzake walimtania kwenye ngazi, wakamuuliza kama ameshuka mchana atapanda jioni, naye akawajibu kwamba anawafuata wakubwa zake uduvi, na utani ule ulimsaidia, alisema, kuliko pole.

Ilimchukua miaka mitatu na miezi miwili. Katika kila chupa alichambua upya nani yumo na nani hayumo, akafungua matumbo, walioshiba vimea vibichi akawaweka juu, waliokuwa na mabaki ya vile vinavyonyesha kutoka juu kwenda chini, mchana na usiku bila kukoma, ngozi zilizovuliwa, vinyesi, vipande vya wafu, akawaweka chini, kisha akalinganisha na daftari lenye grisi. Kila chupa iliporudi mahali pake alitumbukiza ndani ya spiriti kipande cha karatasi ngumu kilichoandikwa kwa penseli, kwa kuwa wino huyeyuka na penseli haiyeyuki, na huo ndio mwanzo wa utaratibu ambao kituo kinaufuata hadi leo, na wa msemo wake ambao kila mwanafunzi aliyepita pale anaujua, kwamba kifuniko ni mgeni, karatasi ndiyo mwenyeji.

Kilichotokea chupani kilikuwa kikubwa kuliko kile kilichokosewa. Uduvi yule mchana alikuwa mita mia nane chini, kwenye giza na baridi, na usiku alikuwa mita hamsini, tumbo limejaa ujani, maana yake kila jioni alikuwa akipanda mita mia saba na hamsini kwenda kula, na kabla ya mapambazuko ameshuka zote tena, na kesho yake vile vile. Marehemu alipiga hesabu hiyo nyuma ya kalenda ya jikoni, na kalenda ipo, ni mara elfu thelathini ya urefu wa mwili wake, ni kama yeye Mama Kibano angepanda ngazi ya kwenda juu moja kwa moja, kilomita arobaini na tano, akale, ashuke, kila siku ya maisha yake. Aliwaita watoto wake watatu jikoni, akawaonyesha hesabu, akawaambia waihakiki, wakaihakiki, akasema, "Na hakuna aliyemwambia asante."

Mei 1994 chupa arobaini na sita zilikuwa zimepata kina chake. Zikabaki mbili, na vifuniko viwili vya siku moja, mita mia tano mchana na mita mia nane mchana, na viumbe wa ndani walikuwa wachache, matumbo matupu, na daftari kwa wavu wa pili kati ya hizo lilisema tu "kama uliotangulia", kwa kuwa siku hiyo fundi winchi alikuwa anaumwa jino. Profesa, ambaye kufikia hapo alikuwa akimletea chai yeye mwenyewe, alimwambia kwamba kazi imekwisha, mbili si kitu, arushe sarafu. Marehemu alimjibu, "Nilishakisia mara moja," akachukua karatasi mbili, akaandika tarehe na mahali, na kwenye kina akaandika, sijui.

Profesa aliandika makala ya kusahihisha ile ya kwanza, akaweka kosa na jina la kituo mbele, na makala ile ya pili ndiyo inayosomwa sasa. Marehemu alirudishwa ghorofani tarehe 4 Julai 1994, akawa mwalimu wa wachambuaji mpaka alipostaafu tarehe 2 Aprili 2013.

Katika miaka hiyo yote hakuwahi kupanda meli, mpaka Agosti 1996 mumewe alipomwombea nafasi. Jioni ya tarehe 11, jua likizama, walisimama mbele ya mashine inayopima kina kwa sauti na kuchora inachokikuta kwenye karatasi, na marehemu akaona mstari mzito, mweusi, uliojaza upana wa karatasi, ukiinuka polepole kutoka mita mia nane, mia saba, mia sita, kana kwamba sakafu ya bahari imeamua kupanda. Aliuliza kama mashine imeharibika. Mumewe akamwambia, "Ndio hao wakubwa zako." Ilikuwa ni wao, wasiohesabika, pande zote, na katika kila bahari ambako jua linazama muda huo. Wavu ulipopanda aliinama juu ya ndoo na kuwaona kwa mara ya kwanza wakiwa hai, wekundu kama makaa, wengine wakitoa nuru ya bluu, akakumbuka lile daftari, akasema kwa sauti ya chini, "Kumbe mlikuwa mmevaa."

Februari 2022 aligundulika kuwa na ugonjwa wa moyo, akatibiwa akitokea nyumbani, na tarehe 19 Oktoba 2024 akalazwa wodi ya tatu. Siku ya kwanza aliona jina lake limebandikwa mguuni mwa kitanda, akamwita binti yake muuguzi na kumwagiza aandike jingine kwa penseli, amfungie mkononi, kwa sababu vitanda huhamishwa, na daktari alipocheka alimwambia, "Cheka, mwanangu, lakini funga." Jumanne tarehe 5 Novemba alimwomba mumewe jambo moja, nalo litatajwa mwishoni. Alifariki dunia Jumatano tarehe 6 Novemba 2024, saa nne na dakika ishirini asubuhi, akiwa na umri wa miaka sabini na moja, miezi saba na siku nne.

Familia inamshukuru daktari wa moyo aliyecheka na akafunga, wauguzi wa wodi ya tatu wa zamu zote mbili, jirani aliyepiga simu ile tarehe 9 Oktoba 1979, ambaye yupo hapa leo na hajawahi kulaumiwa, majirani waliokesha na kupika, na wenzake wa kituo, waliokuja wote, wakaacha mlango umefungwa kwa mara ya kwanza siku ya kazi, na waliotuambia kwamba zile chupa mbili bado zipo kwenye rafu na hakuna anayeruhusiwa kubadilisha karatasi zake. Sasa ni saa nane mchana, na uduvi wako chini. Jioni hii watapanda.

Jambo alilomwomba mumewe ni karatasi. Fundi winchi ameiandika leo asubuhi kwenye meza ya jikoni, kwa penseli, kwa ule mwandiko wake wa kuandikia vipofu, na imewekwa ndani ya jeneza, chini ya kiganja cha kulia cha marehemu, si juu ya kifuniko. Ina jina lake, tarehe, saa na mahali. Kwenye kina, mtu huyu ambaye kwa miaka thelathini na minne alijua kila mara kamba imeteremka mita ngapi, aliishika penseli mpaka chai ikapoa, kisha akaandika, sijui.

Pumzika kwa amani, Mama Kibano.